Mkono unaokuamsha saa tisa usiku

Barua nyingi za mwezi huu zinalalamikia kitu kimoja: ganzi ya mikono. Tumechagua saba, tukazifupisha na kuondoa majina. Majibu yameandaliwa na jopo letu la daktari wa mifupa na mtaalamu wa fiziotherapia.

Naamka usiku mkono umekufa ganzi

*Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka 46. Mwezi wa nne huu naamka saa nane au saa tisa usiku mkono wa kulia umekufa ganzi, vidole vinawaka kama vimepakwa pilipili. Naukung'uta, nauning'iniza nje ya kitanda, unapoa. Mchana hali hurudi nikishika mkasi muda mrefu. Jirani anasema ni kiharusi kinabisha hodi, dada yangu anasema ni presha. Nimepima, ni 124/78. Ni nini hiki? – Fundi, Mwanza*

Dada Fundi, neno lililotusaidia kuliko yote katika barua yako ni "naukung'uta". Mgonjwa anayeamka usiku akaukung'uta mkono kama anayekung'uta maji, kisha akapata nafuu, mara nyingi ana neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono. Hospitalini huitwa kapo taneli, na kwenye cheti huenda ukaona herufi tatu tu: CTS. Kiharusi hakina tabia hiyo. Hicho huja ghafla, hushika upande mmoja wa mwili, mdomo huenda upande, maneno hugongana, na kukung'uta mkono hakukiondoi. Ukiona hayo, usingoje kupambazuke, nenda hospitali.

Sasa weka mkono mezani, kiganja juu. Pale chini ya kiganja, kati ya nundu ya kidole gumba na nundu ya upande wa kidole kidogo, pana handaki lisilozidi unene wa kidole gumba. Sakafu na kuta zake ni mifupa midogo 8. Paa lake ni ukanda mgumu usiovutika. Ndani zinapita kano 9 za kukunjia vidole, na neva moja. Ni kama daladala ya abiria kumi, tisa wamebeba mizigo. Utando wa kano ukivimba kidogo, kuta hazisogei wala paa halipandi, na anayeumia ni yule aliye laini kuliko wote, yaani neva.

Mwaka 1981 watafiti walipima mgandamizo ndani ya handaki hilo kwa mrija mwembamba, kwa kipimo kilekile kinachotumika kwa presha ya damu. Kwa watu wazima wa afya, kifundo kikiwa kimenyooka, walipata wastani wa 2.5. Kwa wagonjwa walipata 32. Wagonjwa hao walipokunja kifundo kuelekea kiganjani, kipimo kilipanda hadi 94, na walipokikunja kwa nyuma kikafika 110. Kwa nini basi ni usiku? Kwa sababu tunapolala tunajikunja, na wengi wetu tunaweka mkono chini ya shavu au mto, kifundo kimepinda kwa saa nzima bila sisi kujua. Tena mtu akilala, maji yaliyokuwa yameshukia miguuni mchana husambaa mwilini, na mikono hupata sehemu yake.

Kuna vipimo unavyoweza kujaribu mwenyewe. Egemeza viwiko mezani, gusanisha migongo ya viganja, vidole vikielekea chini, kisha tulia sekunde 60. Ganzi ikija kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hiyo ni dalili. Cha pili: kwa kidole gumba cha mkono mwingine, bonyeza pale juu ya handaki kwa sekunde 30 bila kuachia. Cha tatu hakiumizi kabisa. Pitisha ncha ya kalamu taratibu kwenye kidole cha pete, upande wa ndani kisha upande wa nje. Neva hii huhudumia nusu tu ya kidole hicho, ile inayotazamana na kidole cha kati. Ukihisi pande mbili za kidole kimoja zinatofautiana, kuna kitu cha kumwonyesha daktari. Na angalia chini ya kiganja, juu ya nundu ya kidole gumba: ngozi ya hapo huwa nzima, kwa sababu tawi linaloihudumia hupita juu ya paa, nje ya handaki. Kama hata hapo pamekufa ganzi, tunaanza kushuku kwamba neva inabanwa juu zaidi, pengine shingoni.

Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi kinachotosha peke yake. Chora umbo la mkono wako kwenye karatasi, na kwa siku saba paka rangi sehemu zinazokufa ganzi na uandike saa. Mpelekee daktari karatasi hiyo. Inampa picha ambayo maelezo ya mdomo, tena ya haraka haraka kwenye foleni, hayampi. Mwombe apime sukari na homoni ya tezi ya shingo, hasa kama umenenepa bila sababu, unasikia baridi kuliko wenzako au shingo imevimba.

Kazini, mkasi butu ni adui yako wa kwanza, maana hukulazimisha kukamua kwa nguvu kila unapokata. Unoe. Meza ya kukatia iwe na urefu wa kukuwezesha kushika mkasi kifundo kimenyooka na kigasha (kati ya kiwiko na kifundo) kikiwa sambamba na meza. Usikate nguo zote asubuhi na kupiga pasi zote jioni, bali changanya. Usiku, anza kuvaa banzi leo, yaani saporti yenye bamba inayoshika kifundo kikiwa kimenyooka. Namna ya kulivaa iko kwenye jibu la msusi hapa chini.

Mimba ya wiki 33, mikono yote miwili

*Hii ni mimba yangu ya pili. Vidole vimevimba, pete haitoki, na usiku mikono yote inakufa ganzi. Nimeambiwa ninywe diklofenaki. Je, mtoto yuko salama? – Mama Kijacho, Tanga*

Hongera, mama. Kwanza kuhusu diklofenaki: usinywe, wala ibuprofeni. Kuanzia wiki ya 20 dawa za maumivu za jamii hiyo zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka, na miezi mitatu ya mwisho ni mibaya zaidi kwa sababu zinaweza kufunga kabla ya wakati mshipa mmoja wa damu ulio karibu na moyo wake. Aliyekupa pengine hakuuliza mimba ina wiki ngapi. Maumivu yakizidi, parasetamoli kwa kipimo cha kawaida inatosha, na umwambie mkunga.

Ganzi yenyewe haimgusi mtoto. Mwili wa mjamzito hushika maji, na maji hayo huingia hata kwenye lile handaki dogo la kifundo. Ndiyo maana hujitokeza zaidi miezi ya mwisho na mara nyingi hushika mikono yote. Vaa mabanzi usiku mikono yote miwili. Kama huwezi kulala na mawili, anza na mkono unaokuamsha zaidi. Pete itoeni sasa kwa sabuni na maji baridi, kabla haijahitaji kukatwa. Wengi hupona wiki chache hadi miezi kadhaa baada ya kujifungua. Wakati wa kunyonyesha angalia jinsi unavyoshika kichwa cha mtoto: usikibebe kwa kiganja kilichopinda, tumia mto chini yake.

Jambo moja hatutaki ulipuuze. Kuvimba kwa ghafla mikono na uso, kukiambatana na kichwa kuuma sana, kuona nyotanyota au maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, si habari ya neva. Hiyo yaweza kuwa presha ya mimba. Nenda kliniki siku hiyohiyo.

Sindano za vitamini zimeisha, ganzi bado ipo

*Mimi ni msusi. Nimechomwa sindano kumi za vitamini B, nimekunywa diklofenaki miezi mitatu, nimekandwa kwa maji ya moto na mafuta, na mama mmoja akaninyonga kifundo mpaka kikalia "ka!". Nilinunua na saporti ya mkono duka la dawa, haijasaidia. Nifanye nini? – Msusi, Arusha*

Umetumia pesa nyingi kwenye vitu vya kupooza maumivu, na tatizo lako ni nafasi iliyobana. Diklofenaki haijaonekana kuwa na faida yoyote ya maana kwenye ugonjwa huu, na miezi mitatu inatosha kutoboa tumbo. Acha. Vitamini B hazifungui handaki. Vitamini B6 ikimezwa kwa wingi kwa muda mrefu huharibu neva yenyewe, ukabaki na ganzi ya aina mpya iliyoletwa na tiba. Ziko hali mbili tofauti, ili tusieleweke vibaya. Anayemeza dawa ya isoniazidi kwa ajili ya kifua kikuu hupewa B6 kwa sababu maalumu na asiiache. Na aliyemeza metformini, dawa ya kisukari, miaka mingi anaweza kweli kupungukiwa B12, jambo linalopimwa kwa damu. Ganzi ya makundi hayo mawili kwa kawaida huanzia nyayoni.

Kuhusu yule mama wa kunyonga, usirudi. Kukandamiza handaki ni kumkalia abiria yule yule aliyebanwa.

Sasa saporti. Tunaomba uitoe uitazame. Nyingi zinazouzwa zina bamba jembamba la alumini ndani ya mfuko upande wa kiganja, na kiwandani bamba hilo limepindwa ili kifundo kielekee nyuma, nyuzi 20 hadi 30. Mkao huo ni mzuri kwa mtu aliyeteguka. Kwako wewe unapandisha ule mgandamizo tuliotaja kwenye barua ya kwanza. Vuta bamba litoke mfukoni, liweke juu ya meza, lisukume kwa viganja viwili au ligongegonge kwa mpini wa kisu mpaka lilale karibu bapa, ukiacha bonde dogo la kiganja. Lirudishe. Ukivaa, mgongo wa mkono na mgongo wa kigasha viwe mstari mmoja, kama rula imewekwa juu yake. Kama saporti yako ni kitambaa tu cha kuvutika kisicho na bamba, haizuii kitu. Inakupa joto tu.

Mengine ya kukagua: ncha ya mbele iishie kabla ya mstari wa kiganjani ulio karibu na vidole, ili vidole vyote vikunjike mpaka kufanya ngumi. Kamba ya kunata inayopita juu ya kifundo iwe legevu kuliko zile za pembeni, kiasi cha kupitisha kidole chini yake. Watu hukaza hiyo hiyo ya katikati, kisha wanalalamika kwamba banzi limewazidishia ganzi. Lina haki ya kuzidisha.

Usipopata la kununua, kata kipande cha dumu la mafuta la plastiki, urefu sentimita 20 hivi, upana wa kiganja chako kasoro kidogo. Kwaruza kingo kwa msasa, kizungushie kitambaa laini mara mbili, kiweke upande wa kiganja na kigasha, ufunge kwa bandeji ya kuvutika kwenye kigasha na kiganjani, ukipita kifundoni bila kukaza. Vidole vikibadilika rangi au vikivimba, fungua.

Livae kila usiku kwa wiki 6 bila kuruka. Siku tatu hazitoshi kuhukumu. Mchana si lazima, na kusuka ukiwa nalo kutakufanya ulazimishe bega. Badala yake panga kiti cha mteja: kichwa chake kiwe usawa wa kifua chako, si juu zaidi, kwa sababu ukisuka huku mikono imeinuliwa, vifundo hujipinda. Rasta ndogo ndogo za saa nane mfululizo zigawe siku mbili, hata kama mteja atanuna.

Ikiwa wiki 6 zimepita na hali ni ileile, hatua inayofuata ni sindano moja ya dawa ya jamii ya steroidi ndani ya handaki. Kwa kawaida ni methilprednisoloni miligramu 20 hadi 40. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache, ingawa kwa wengi nafuu hiyo hufifia baada ya miezi. Uchomwe na mtu aliyefundishwa sindano hiyo, si kila mwenye bomba la sindano. Sindano ikiingia ukasikia shoti ya umeme imekimbilia vidoleni, sema hapohapo, maana ncha imegusa neva na inapaswa kurudishwa nyuma kabla dawa haijasukumwa. Mkono unaweza kuuma zaidi siku mbili za mwanzo. Na kwa ngozi nyeusi ni vizuri kujua mapema kwamba pale palipochomwa panaweza kubaki doa jeupe kwa miezi.

Ganzi ya kidole kidogo

*Naendesha bodaboda kuanzia alfajiri. Vidole viwili vya mwisho, cha pete na kidogo, vinakufa ganzi mkono wa kushoto. Nimesoma mtandaoni nikaona nina kapo taneli. – Dereva, Nakuru*

Kaka, mtandao umekukosea kwa vidole viwili. Kidole kidogo hakimo katika himaya ya neva inayopita kwenye lile handaki. Chako na nusu ya cha pete vinahudumiwa na neva nyingine, ile inayopita nyuma ya kiwiko upande wa ndani, ambayo ukijigonga kwenye kona ya meza unasikia umeme mpaka vidoleni. Inaweza kubanwa kiwikoni, au chini ya kiganja pale unapoegemea usukani. Kunja kiwiko kabisa kwa dakika moja. Ganzi ikija, mhusika pengine yuko kiwikoni.

Usiku zungushia kiwiko taulo, uifunge kwa bandeji ili kisikunjike sana. Barabarani, vaa glavu zenye sifongo, badilisha raba za mshikio zilizochakaa, na usiuegemeze uzito wa kifua juu ya viganja. Mtikisiko wa chombo huumiza neva za mikono, hilo linajulikana vizuri.

Lakini kuna jambo jingine la kuangalia, tena mbele ya kioo na mtu wa kukusaidia kuona mgongoni. Tafuta baka lolote la ngozi lililopauka au jekundu lisilohisi ukiligusa kwa pamba. Kisha papasa nyuma ya kiwiko: neva ikiwa nene kama kamba na inauma, sema hivyo ukifika kliniki. Neva hii ya kiwiko ni kipenzi cha ukoma. Ukoma haujaisha Afrika Mashariki, hutibika kwa vidonge, dawa zake hutolewa bure, na ukiwahiwa vidole havipindi. Hatusemi unao. Tunasema baka na ganzi vikikaa pamoja, pimwa.

Kisukari, na nyama ya kidole gumba imepungua

*Nina miaka 61, kisukari miaka 12. Ganzi ya mkono wa kulia nimeizoea, sasa imekuwa mchana na usiku. Nadondosha vikombe, vifungo vya shati anafunga mke wangu, na nundu ya kidole gumba imebonyea. Maumivu yamepungua, nikadhani napona. Daktari anataka kunifanyia upasuaji. Naogopa. – Mstaafu, Moshi*

Mzee wetu, shikamoo. Tutasema wazi kwa sababu muda una thamani hapa. Maumivu kupungua huku ganzi ikidumu mchana kutwa si kupona. Neva iliyobanwa kwanza hupiga kelele, kisha hunyamaza. Ile nundu iliyobonyea ni msuli unaosinyaa kwa kukosa amri ya neva. Wewe umepita hatua ya banzi. Sisi tungekubaliana na daktari wako, na tungemwomba asiweke tarehe ya mbali.

Hofu yako huenda ni ya kulazwa usingizi. Upasuaji huu kwa kawaida hufanywa mgonjwa akiwa macho, kwa ganzi ya kuchoma kiganjani. Madaktari wengi siku hizi huchanganya lignokeini (dawa ya kutia ganzi) na adrenalini, ambayo hupunguza damu inayotoka kiasi kwamba hakuna haja ya kukufunga mpira wa kubana mkono. Ukiona umechomwa kisha ukaachwa umekaa nusu saa, hawajakusahau. Wanasubiri adrenalini ifanye kazi. Kisha hukatwa mstari wa sentimita 3 hivi chini ya kiganja, usawa wa kidole cha pete, na ule ukanda wa paa hupasuliwa wote, mwanzo hadi mwisho. Haushonwi. Hushonwa ngozi tu, na ukanda hujiunga wenyewe ukiwa mrefu zaidi, handaki likabaki na nafasi. Kazi yenyewe ni dakika 10 hadi 20, na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Siku mbili tatu za kwanza, mkono uwe juu ya usawa wa moyo: ukikaa, uweke juu ya mito miwili. Vidole vianze kukunjwa na kunyooshwa siku hiyo hiyo, kila saa, mara kumi. Mkono unaofichwa kwenye kombeo wiki mbili hukakamaa. Kidonda kisilowe mpaka nyuzi zitolewe, siku ya 10 hadi 14. Kushika kikombe na kuandika, wiki ya pili. Kubeba ndoo, jembe au mzigo, ngoja wiki 6 hadi 8. Pande mbili za kovu zitauma ukiegemea mkono, pengine miezi mitatu na zaidi. Inakera, lakini hupita. Kidonda kikishafunga kabisa, sugua kovu taratibu kwa mafuta ya kawaida dakika tano, mara mbili kwa siku.

Utarajie nini? Kero ya usiku huisha mapema, mara nyingi ndani ya siku chache. Hisia hurudi polepole, kwa sababu nyuzi za neva zilizokufa huota upya kwa milimita 1 hivi kwa siku, na kutoka kifundoni hadi ncha ya kidole ni kama sentimita 17. Hesabu mwenyewe, ni karibu miezi sita. Msuli uliosinyaa sana huenda usirudi wote, nasi hatutakuahidi. Faida kubwa kwako ni kuzuia uliobaki usiende.

Kuhusu kisukari, mambo matatu. Sukari iliyo juu huchelewesha kidonda na hukaribisha usaha, hivyo irekebishwe kabla, na daktari akubaliane nawe utakunywaje dawa asubuhi ya upasuaji. Ukipewa ile sindano ya steroidi badala ya upasuaji, sukari itapanda kwa siku kadhaa. Pima asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Na je, nyayo nazo zina ganzi? Kama ndiyo, una matatizo mawili kwa pamoja, na upasuaji utaondoa lile la kubanwa tu. Mtu asipoelezwa hili kabla, atasema upasuaji umefeli.

Baada ya upasuaji rudi haraka ukiona usaha, homa, wekundu unaopanda kigashani, ganzi mpya kwenye kidole kilichokuwa kizima, au kidole gumba kisichoinuka kabisa. Ikiwa wiki nyingi zimepita na usiku ni kama zamani, uliza kama ukanda ulipasuliwa wote. Kipande kidogo kilichobaki kinatosha kuendeleza shida, na ni sababu inayojulikana ya kurudia upasuaji.

Kipimo cha umeme cha neva kitasaidia kama kipo hospitali utakayokwenda. Kwa dalili zako, kukosekana kwake kusiwe sababu ya kungoja mwaka.

Ni kompyuta iliyonifanya hivi?

*Naandika kwenye kompyuta saa tisa kwa siku. Ofisi inasema si kosa lao. – Karani, Dar es Salaam*

Kibodi inalaumiwa kuliko inavyostahili. Ushahidi ulio imara zaidi uko kwenye kazi za kukamua kwa nguvu mara kwa mara na za mashine zinazotetema. Hata hivyo, kuandika huku kifundo kimeegemea ukingo wa meza ni kujibonyeza kwenye handaki siku nzima. Kunja vile vijiguu vya nyuma ya kibodi, maana vikisimama hupindisha mkono kwa nyuma. Kipanya kiwe karibu na kibodi. Na uangalie simu: kulala kitandani umeishika kwa mkono mmoja, kifundo kimekunjwa, saa mbili kila usiku, ni mzigo ambao ofisi haikukupa.

Mazoezi ya kutelezesha kano hayana madhara, ingawa faida yake si kubwa. Vidole vimenyooka, kisha vikunje kama ndoana, kisha ngumi, kisha vikunje kwenye maungio ya kiganja tu kama paa la banda, kisha ncha ziguse kiganja bila kukunja maungio yaliyo karibu na ncha. Sekunde tano kila mkao, mara tano, asubuhi na jioni. Yakileta ganzi, acha.

Banzi limeanza kunuka

*Nalivaa kila usiku mwezi wa pili sasa na linasaidia. Ila harufu! – Muuguzi, Zanzibar*

Kwa joto la huko tunaamini. Toa bamba kwanza, kwani likilowa ndani ya mfuko huweza kuchubua kitambaa. Funga kamba za kunata ili zisiokote nyuzi, fua kwa mkono kwa sabuni ya kawaida na maji ya uvuguvugu, usikamue kwa kusokota, anika kivulini. Jua kali hudhoofisha kamba na zikaacha kushika. Vaa soksi safi ya pamba iliyokatwa ncha chini ya banzi, ibadilishe kila usiku, na kufua kutakuwa mara moja kwa wiki. Kabla ya kufua weka alama ya kalamu kwenye bamba kuonyesha upande wa juu na wa mbele. Likirudishwa kinyume, bonde la kiganja litakaa kwenye kigasha, na utaamka saa tisa tena.